Gift Ngoepe: miaka minane ya kusota ligi za chini, mechi 41 za ligi kuu

Mlinzi wa Ndani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kule kwenye uzi wa Waafrika waliokiwasha Marekani watu wametaja Olajuwon, wametaja Mutombo, mpaka wakimbiaji wa marathoni ya Boston wamepata haki yao. Besiboli hakuna aliyeigusa. Yupo wetu aliyefika ligi kuu yenyewe, MLB, ila hakukaa, ndiyo maana wengi hamumjui. Anaitwa Gift Ngoepe, Msauzi, mlinzi wa ndani. Mechi 28 akiwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2017, mechi 13 na Toronto Blue Jays mwaka 2018. Baada ya hapo hakurudi tena juu.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili wabishi wajipange. Wanaosema jamaa alichemsha wanaangalia gongo tu, yaani upigaji wake. Ngoepe alikuwa fundi wa kudaka mipira ya chini, na alifika ligi kuu miaka ileile ambayo mipira ya chini ilikuwa inaadimika.

Tuanze na kwao. Alizaliwa Januari 1990 Pietersburg, mji ambao leo unaitwa Polokwane, wiki chache kabla Mandela hajatoka gerezani. Amekulia Randburg, kaskazini mwa Johannesburg, ndani ya klabu ya besiboli ya Randburg Mets. Nikisema ndani namaanisha ndani: mama yake, Maureen, alikuwa mfanyakazi wa klabu, na makazi yao yalikuwa chumba kidogo kwenye jengo lilelile la klabu. Ukifungua mlango, uwanja huo hapo. Watoto wengine waliletwa mazoezini na magari ya wazazi wao, yeye alitoka chumbani kwao akawa ameshafika.

Mwaka 2008, akiwa na miaka 18, alipelekwa kwenye akademi ya MLB kule Tirrenia, Italia, ufukweni karibu na Pisa, ambako vijana wa Ulaya na Afrika walikuwa wanakusanywa wakati wa kiangazi. Mmoja wa walimu alikuwa Barry Larkin, shotistopu (mmoja wa walinzi wa ndani) wa zamani wa Cincinnati Reds, mchezaji bora mwaka 1995 wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB. Larkin akamwona dogo anavyochukua mpira chini, akavutiwa. Mwaka huohuo Pirates wakamsainisha kwa dola 15,000. Akawa Msauzi mweusi wa kwanza kusaini na klabu ya MLB.

Naendelea chini.

Mzee wa Upanga

Siti ya mbele. Tiririka mkuu.

Dada wa Nakuru

Kaka, kabla hujaenda mbali, tusaidie sisi tuliocheza raundas shule ya msingi tu. Huyu mlinzi wa ndani ni nani na anafanya nini haswa?

Mlinzi wa Ndani

Dada, kama umecheza raundas umeshamaliza nusu ya kazi.

Uwanja una besi nne kwenye pembe za mraba, kila upande mita 27 na ushei. Mrushaji anarusha, mpigaji anapiga kwa gongo, kisha anakimbilia besi ya kwanza. Mpira ukidakwa hewani, ametoka. Ukidunda chini, walinzi wanauokota na kuurusha besi ya kwanza. Ukifika kabla yake, ametoka. Walinzi wa ndani ni wanne: wa besi ya kwanza, wa pili, wa tatu, na shotistopu anayesimama kati ya ya pili na ya tatu. Ngoepe alikuwa shotistopu na mlinzi wa besi ya pili.

Ugumu wake ndio huu. Mpigaji wa kawaida anafika besi ya kwanza kwa sekunde nne na kidogo tangu mpira uguse gongo. Ndani ya hizo sekunde shotistopu anatakiwa asome mpira unaelekea wapi, ateleze hatua tatu au nne kando, ainame, aupokee kwenye nyasi ambazo zinaweza kuubadilisha mdundo wa mwisho, autoe kwenye glavu, aushike vizuri vidoleni, kisha aurushe mita 35 hadi 40 kwa mtu ambaye amenyoosha glavu tu. Akijichanganya kidogo kwenye kuutoa mpira, mtu ameshavuka. Na kama tayari kuna mkimbiaji besi ya kwanza, shotistopu na jamaa wa besi ya pili wanatakiwa waue wawili kwa mpira mmoja, mmoja wao akizunguka hewani huku mkimbiaji anamjia miguuni.

Hiyo kazi Ngoepe aliifanya kama anaokota embe. Ndani ya Pirates, kwenye ligi za chini, alihesabika miongoni mwa wadakaji bora kabisa waliokuwa nao.

Mlinzi wa Ndani

Sasa msoto.

Marekani huwezi kusaini leo ukacheza MLB kesho, hata uwe nani. Kuna ngazi. Ngoepe alianza 2009 Florida kwenye ligi ya wageni wapya, akaenda State College kule Pennsylvania, akaenda West Virginia, akarudi Florida kwenye mji wa Bradenton, 2013 akapanda Altoona, 2015 akaanza kuonja Indianapolis, ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu. Piga hesabu mwenyewe: amesaini 2008, ameitwa juu Aprili 2017.

Katikati ya hayo, 2009, aliichezea Afrika Kusini kwenye World Baseball Classic, mashindano ya timu za taifa, kundi lao likichezwa Mexico City. Walipigwa na Cuba, wakapigwa na wenyeji mabao 14 kwa 3. Ila kwenye kipigo hicho cha wenyeji huyu dogo wa miaka 19 alipiga mipira miwili iliyompeleka mpaka besi ya tatu. Ukimwona siku hiyo ungesema gongo litakuja tu, ni suala la muda.

Fedha za ligi za chini ndizo zinazoumiza. Mpaka kufikia 2020 kima cha chini kwa ngazi ya Altoona kilikuwa dola 350 kwa wiki, Indianapolis dola 502, tena wiki za msimu tu. Msimu ukiisha, kila mtu na lwake. Kwa upande mwingine, kima cha chini cha MLB mwaka 2017 kilikuwa dola 535,000 kwa msimu, na kinalipwa kwa siku uliyokaa kikosini, karibu dola 2,900 kwa siku. Kwa hiyo mtu akiitwa juu siku moja tu, amelipwa zaidi ya mwezi mzima wa Indianapolis.

Mama yake alifariki 2013, mwaka uleule aliopanda Altoona. Hakumwona mwanawe akivaa jezi ya ligi kuu. Nisiweke maneno mengi hapo.

Kikokotoo

Mkuu uzi mzuri ila usitupige sindano ya ganzi. Nimeingia kwenye takwimu. Wastani wa kupiga .181. Yaani katika kila mara 100 anapokuwa na gongo anapata hiti 18, mpira uliopigwa ukamfikisha besi salama. Ligi nzima 2017 ilikuwa .255. Huyo kachemsha, tusitafutiane visingizio kisa ni Mwafrika.

Mlinzi wa Ndani

Kikokotoo nilikuwa nakusubiri wewe hapo. Ngoja nimalize siku ya kwanza kisha nakujia na namba zako.

Aprili 2017 Pirates walikuwa na mapengo. Starling Marte amefungiwa mechi 80 kwa dawa za kuongeza nguvu. Jung Ho Kang, mlinzi wao wa ndani, amekwama Korea Kusini kwa kukosa viza baada ya kesi ya kuendesha gari akiwa amelewa. Tarehe 24 wakamwingiza mrushaji Dovydas Neverauskas, mtu wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Lithuania kucheza MLB. Tarehe 26, siku mbili baadaye, Ngoepe. Klabu moja, juma moja, milango miwili imefunguka.

Wapinzani walikuwa Chicago Cubs, mabingwa watetezi, wale waliotwaa ubingwa 2016 baada ya kuusubiri miaka 108. Ngoepe aliingia awamu ya nne kati ya tisa. Namna alivyoingia ni somo: enzi zile kwenye National League mrushaji naye alikuwa anapiga, na warushaji wengi hawajui kupiga kabisa. Kwa hiyo kocha Clint Hurdle, alipobadilisha mrushaji, alibadilisha na mlinzi kwa wakati mmoja ili kupanga upya zamu za kupiga, zamu mbovu ya mrushaji ikaangukia kwa Ngoepe. Ndiyo maana dogo hakukaa hata kidogo, akaanza yeye kupiga awamu hiyohiyo.

Aliyekuwa anamrushia ni Jon Lester, mtu mwenye pete za ubingwa. Ngoepe akaupiga mpira katikati ya uwanja, ukapita, akasimama besi ya kwanza. Hiti kwenye jaribio lake la kwanza kabisa, Mwafrika wa kwanza kwenye ligi iliyokuwa imeshapitisha wachezaji takriban 19,000. Pirates wakashinda 6 kwa 5.

Mzee wa Upanga

Hapo Lester sijui alijisikiaje. Unajiandaa kwa mrushaji asiyejua kushika gongo, analetwa mtu kasafiri kutoka Randburg.

Mlinzi wa Ndani

Haya Kikokotoo, twende.

Mwaka 2017: mara 54 rasmi na gongo, hiti 12, wastani .222, homurani (mpira wa kupigwa mpaka nje ya uwanja) sifuri. Alipata besi za bure nane, zile anazopewa mpigaji mrushaji akirusha vibaya mara nne, kwa hiyo kufika besi alifika kwa asilimia 32, na hiyo kwa mgeni wa benchi si aibu. Mwaka 2018 Toronto: mara 18, hiti moja. Hapo ndipo wastani ukaporomoka mpaka .181 unayoiona. Sibishi kwamba hakujua kupiga kwa kiwango kile. Pittsburgh peke yake alitolewa kwa straiki tatu, yaani kushindwa kuupiga mpira mzuri mara tatu, zaidi ya mara 20.

Ninachobisha ni neno kuchemsha. Kuna mlinzi wa ndani Mmexico aliitwa Mario Mendoza. Alianza ligi kuu 1974 akiwa na Pirates haohao. Mbovu wa gongo mpaka wastani wa .200 Wamarekani wameubatiza mstari wa Mendoza, ukishuka chini yake unachekwa. Maisha yake yote alipiga .215. Alicheza misimu tisa! Mechi 686! Kwa nini? Kwa sababu alidaka.

Sasa niambie kati ya .222 ya Ngoepe msimu wa 2017 na .215 ya Mendoza kuna nini, mpaka mmoja apate misimu tisa na mwingine miwili?

Kikokotoo

Hiti 12 huwezi kulinganisha na mtu wa mechi 686, sampuli ndogo. Ila nakubali swali ni zuri. Jibu?

Mlinzi wa Ndani

Jibu ni kwamba kazi yenyewe imebadilika. Naona mambo matatu, la kwanza ndilo kubwa.

Straiki. Wapigaji wa sasa wanapiga kwa nguvu zote kutafuta homurani, na warushaji wanarusha kwa kasi ya kutisha, kwa hiyo mipira mingi haigusi gongo kabisa. Mwaka 2017 wapigaji wa MLB walitolewa kwa straiki tatu zaidi ya mara 40,000, rekodi wakati huo. Mwaka 2018, msimu wa pili na wa mwisho wa Ngoepe, kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi hiyo straiki zilizidi hiti. Mpira usiopigwa hauna wa kuudaka. Mendoza alikuwa anasimama pale shotistopu anapata kazi mechi nzima. Ngoepe anasimama, anaangalia watu wanarudi benchi wenyewe.

La pili, benchi. Wakati ule kikosi kilikuwa na watu 25. Timu za zamani zilibeba warushaji kumi hivi, za enzi za Ngoepe 12 au 13, kwa sababu hakuna anayerusha mechi nzima. Toa wanane wanaoanza, benchi linabaki watu wanne au watano, na mmoja wao lazima awe mdakaji wa akiba anayekaa nyuma ya mpigaji. Nafasi ya mtu anayejua kudaka tu haipo tena. Anatakiwa mtu wa kucheza nafasi tatu na kupiga .250.

La tatu nitalipitia haraka: timu zilianza kuwapanga walinzi kwa kompyuta, kila mpigaji anawekewa watu pale anapopenda kupiga. Pirates walikuwa miongoni mwa walioupokea mtindo huo mapema. Ukishajua mpira utakuja wapi, huhitaji fundi wa kukimbia hatua nne, unahitaji mtu wa kusimama hapo. Mwaka 2023 ligi ikauwekea mipaka mtindo huo, Ngoepe ameshaondoka zamani.

Dada wa Nakuru

Lakini kaka, miaka minane yote hiyo ligi za chini hawakuweza kumfunza kupiga? Mimi naona hapo ndipo pa kuuliza.

Mlinzi wa Ndani

Dada umegusa penyewe. Kudaka unaweza kujifunza hata peke yako na ukuta. Kupiga kunahitaji kurushiwa mipira ya kasi, mipira inayopinda, maelfu kwa maelfu, na watu wanaojua kurusha, ukiwa bado mdogo. Jamhuri ya Dominika klabu zote 30 za MLB zina akademi, mtoto wa miaka 13 anakutana na warushaji wakali kila siku ya Mungu. Sauzi besiboli ni mchezo wa klabu wa mwishoni mwa wiki, mbele yake kuna raga, kriketi na soka. Ngoepe anatua Florida ana miaka 19, wenzake wameshaona mipira ambayo yeye hajawahi kuiona. Aliwafukuzia miaka yote minane. Walipokuwa wanamwongeza ngazi, na warushaji nao wanaongezeka makali.

Kwa hiyo mimi nikiona .222 naona mtu aliyeanza mbio nyuma mno akaikaribia mistari ya mbele. Kikokotoo ataona vingine, ruksa.

Kikokotoo

Naona vingine kweli. Straiki zaidi ya 20 katika mara 54 si suala la enzi, ni jamaa mwenyewe. Ila hoja ya benchi na Mendoza nimeichukua. Nafuta neno kuchemsha, naweka "hakutosha". Tumemalizana?

Mlinzi wa Ndani

Hakutosha kwa gongo. Andika hivyo tumemalizana.

Bwana Mipaka

Samahani kuwaharibia. Hilo la Mwafrika wa kwanza nalikataa. Alfredo Cabrera alicheza mechi moja kwa St. Louis Cardinals mwaka 1913, naye alizaliwa visiwa vya Canary. Fungueni ramani, Canary iko jirani na Moroko.

Mlinzi wa Ndani

Bwana Mipaka nilijua kuna mtu atakuja na huyo. Canary ni Hispania kisiasa, na Cabrera kakulia Cuba. Jiografia inakupa pointi, historia inakunyima. MLB wenyewe wanamtambua Ngoepe kuwa wa kwanza kutoka bara la Afrika. Kinachochekesha ni kwamba Cabrera naye alikuwa shotistopu, naye gongo halikumfaa kitu. Mechi moja, akarudi.

Mutoto wa Kawempe

Nawasalimu kutoka Kampala. Kiswahili yangu mutanisamehe.

Huku Uganda baseball tunaijua. 2011 watoto wa Kampala walishinda kwenda Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto kule Amerika, Amerika ikawanyima viza. 2012 watoto wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza ya Afrika pale Williamsport, wakapiga timu ya Oregon 3 kwa 2. 2015 tukarudi tena, tukapiga Dominican Republic 4 kwa 1. Hao unaosema wanacheza kila siku!

Ninyi mnasema Ngoepe hakukaa. Sisi tunasema alionyesha njia ya Pirates. Leo Pirates wamesaini vijana wa kwetu, kuna mrushaji David Matoma, anarusha mpira kama risasi. Dodgers nao walichukua Umar Male na Ben Serunkuma mwaka 2022.

Mlinzi wa Ndani

Karibu sana ndugu, Kiswahili chako kimenyooka kuliko cha wengi humu.

Angalia na kitu kimoja kwenye hayo majina: wengi ni warushaji. Hata Msauzi wa pili kufika MLB, Tayler Scott, aliyeingia na Seattle Mariners Juni 2019, ni mrushaji. Mrushaji akiwa na mkono wenye kasi, hayo mengine anafundishwa ukubwani. Mlinzi wa ndani hawezi kufichwa, siku ya kwanza tu atapewa gongo. Ndiyo maana naamini tutawaona warushaji wa Uganda ligi kuu kabla hatujamwona shotistopu mwingine kutoka Afrika. Mdogo wake Ngoepe mwenyewe, Victor, ni mlinzi wa ndani, Pirates walimsaini 2016, naye aliishia ligi za chini.

Mzee wa Upanga

Mkuu, nina mjukuu wa miaka 12, mkono anao, anavunja vioo vya majirani kwa mawe. Hapa Dar pa kumpeleka pako au ndiyo mpaka Kampala?

Mlinzi wa Ndani

Mzee wangu, uko Upanga na unaniuliza mimi? Tembea mpaka shule ya Azania. Kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Ulizia walimu wa michezo pale. Mpeleke na glavu kama utapata ya mtumba Karume, na umwambie mawe aache nyumbani.

Mzee wa Upanga

Jumamosi asubuhi niko pale. Nitaleta mrejesho.